Kicheko Nyuma ya Mlango

4 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi, nyingi mpaka zimwagike. Sisi hatujambo. Bonge ameota meno ya juu na sasa kila kitu kwake ni chakula: ufunguo, kona ya meza, bega la baba yake. Shemeji yako mzima. Karakana yao imepata kazi ya kuchomelea mageti ya shule, kwa hiyo anarudi macho mekundu, ananuka moshi, lakini anarudi anaimba. Mimi bado niko kwa yule fundi cherehani tunayemwita Kamanda. Amenitoa kwenye vifungo, sasa natia zipu. Usicheke. Kutia zipu ni kupandishwa cheo.

Haya, nikujie sasa. Uliponipigia ukasema, "Dada, ile hadithi ya mama ya zimwi niandikie, usinisimulie kwa simu, maana kwa simu utasalimia mpaka salio liishe halafu utalia," nilinuna kidogo. Baadaye nikaona unasema kweli. Basi nimekaa. Bonge amelala, kalamu nimeazima kwa Kamanda, na mwandiko wangu unaujua, kama kuku kapita. Shule mimi niliishia pale unapopajua. Ukikuta neno limepinda, linyooshe mwenyewe.

Umesema hapo chuoni kila mwanafunzi anatengeneza mwanzo tu wa filamu, dakika mbili, kutoka kwenye hadithi ya kutisha aliyosikia utotoni, halafu walimu watachagua mmoja utengenezwe filamu nzima. Nimefurahi hadi nimemwambia mteja. Mteja alikuja kuchukua suruali, akaondoka anajua habari zako zote.

Ili uielewe hadithi lazima ukumbuke mlango. Chumba chetu kile cha chini, mlango ulikuwa unavimba na kukwaruza sakafu, mwenye nyumba akaja na msumeno akaukata chini, akakata kwa hasira, ukabaki uwazi wa kupitisha mkono. Mama alipokwenda kazini kwenye kile kiwanda cha kufulia mashuka, sisi tulijifungia na komeo kwa ndani. Akirudi anapiga magoti, anaingiza mkono chini ya mlango. Sisi tunapapasa kovu la pasi pale kwenye shina la kidole gumba. Likiwepo, tunafungua. Hadithi aliitunga kwa ajili hiyo, ili tusimfungulie mtu mwingine.

Mama hakuanza na hapo zamani. Alianza hivi, huku anakunja nguo: "Mkono ulikuwa wa mama. Mwenye mkono hakuwa mama." Halafu anakunja kwanza shuka lingine.

Zimwi lilikuwa linataka watoto wawili. Likaja likaita kwa sauti ya mama. Watoto wakasema, ingiza mkono. Likaingiza, mkono una manyoya, watoto wakalizomea. Likaenda likamvizia mama njiani, likasema, niazime mkono wako. Mama akasema, huu ni wa kazi, siuazimi. Zimwi likauchukua. (Hapo mama alipita haraka, kama mtu anayeruka dimbwi.) Likarudi, likauingiza chini ya mlango. Mtoto mdogo akapapasa, kovu lipo, akainuka afungue. Mkubwa akasema, ngoja. Mkono wa mama ukiingia huwa unatutafuta. Huu umelala tu, unangoja. Hawakufungua. Zimwi likang'ang'ana pale mpaka mkono wenyewe ukachoka nalo, ukageuka ukalikaba koo. Kisha ukatembea kwa vidole vyake mpaka kwa mwenyewe.

Basi, imeisha. Nimeiandika nikaenda kuangalia kama komeo langu limefungwa.

Dada yako


19 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua nimeipata na nimewasomea wenzangu wa bweni kwa sauti. Mmoja, tunamwita Taa kwa sababu ndiye anayebeba taa zetu, alivuta miguu yake juu ya kitanda. Mkono utembee kwa vidole! Mama alikuwa mtu hatari. Mpe Bonge busu la shavu, na shemeji mwambie nimekubali kwamba mimi sijui hata kushika nyundo.

Huku kumekaa vizuri, ila bwenini maji yanatoka yakijisikia. Mchana tunasoma, jioni tunagombania kamera. Chuo kina kamera nzuri chache na wanafunzi wengi wenye vichwa vikubwa.

Sasa nikuonyeshe mwanzo wangu, uone kama nimeuelewa.

Kwanza giza. Hatuoni chochote, tunasikia tu pasi ikipita juu ya shuka. Halafu ule uwazi chini ya mlango, mwanga umejilaza sakafuni. Kivuli kinakatiza. Mkono unaingia. Unapapasa huku na huku, polepole. Tunaona kiatu cha mtoto. Kiatu kinaukanyaga mkono. Kimya. Halafu, nje, zimwi linacheka. Hapo ndipo linatokea jina la filamu.

Kazi yangu yote imesimama kwenye hicho kicheko. Nimewajaribu wenzangu wote wacheke. Mmoja anacheka kama mlevi, mwingine kama gari lililokataa kuwaka. Taa alijitahidi mpaka jirani akagonga ukuta. Hapana. Si chenyewe.

Wewe ulikuwa mkubwa, dada. Mama alikuwa anachekaje alipofika pale? Kwenye barua umesahau kukiweka.

Mdogo wako


8 Machi

Bwana Kwa Nini wangu,

Marahaba. Unaona, bado nakuita jina lako la zamani, maana hujaacha kuuliza. Sisi wazima. Sakafu yetu imetiwa saruji upya na imepanda juu, kwa hiyo shemeji yako ameukata mlango chini kwa msumeno. Amekata kwa upendo lakini umepinda vilevile. Bonge analala kifudifudi pale anachungulia miguu ya wapita njia, ndiyo sinema yake. Ukimhamisha anapiga kelele kama amelipia kiti.

Barua yako niliisomea kazini. Kamanda akaniangalia akaniuliza, "Kuna msiba?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Basi rudisha uso wako mahali pake, unawatisha wateja."

Nikwambie kitu. Kwenye hadithi ya mama, zimwi halicheki. Linaita, linanyamaza, linakabwa. Kucheka, hapana. Na hakuna mtoto anayekanyaga mkono. Watoto hawaugusi tena, wanakaa kitandani wanangoja. Mimi niliisikia hadithi hiyo tangu hujajua kuongea, sijasahau kitu.

Ondoa kicheko. Ondoa na kiatu. Weka ule mkono wa manyoya, manyoya yanatisha na utayapata kirahisi, hata mimi nakushonea. Au mwonyeshe mama yuko kazini kwenye mvuke, anakunja mashuka na wenzake wanataniana. Mama yetu alikuwa mtu wa watu. Sitaki watu wasiomjua wakae gizani wauogope mkono wake.

Bonge anakusalimu kwa mate, ile alama hapo pembeni ya karatasi ni yake.

Dada yako


21 Machi

Dada,

Shikamoo. Alama nimeiona, nimeibandika barua ukutani upande huo. Nimefurahi mko salama.

Dada, sikatai kwamba unaijua hadithi. Lakini kicheko kipo. Sikukitunga. Nakisikia vizuri kuliko ninavyoisikia sauti yangu. Kinaanza chini, kama kitu kinachochemka, halafu kinapasuka. Halafu giza, halafu vumbi puani. Nilikuwa naota hivyo tangu utoto, na wewe unajua, maana ni wewe uliyekuwa unaniamsha.

Nilimwonyesha mwalimu michoro yangu. Ni mama mmoja mkali, haongei sana. Akapitisha kidole picha kwa picha. Akasema mkono ameshauona kwa wengine, mlango ameshauona, giza ndiyo kabisa. Akafika mwisho akaniuliza, "Na huyu anayecheka ni nani? Kwa nini anacheka wakati kaumia?" Nikasema ni zimwi. Akasema, "Hapana. Nenda ukajue. Ukijua ni nani, una filamu. Usipojua, utawabebea wenzako nyaya mwaka mzima." Tunaonyesha mwisho wa Mei.

Kuna jambo lingine sijawahi kukwambia, wala wewe wala mama mdogo aliyetulea. Mimi mama simkumbuki. Mkikaa mkimsimulia, mimi nacheka pale mnapocheka, natikisa kichwa pale mnapotikisa. Ile picha yake pekee, ya kazini, amesimama nyuma na uso umeingia kivulini. Nimeitazama mpaka nimeuzoea ukuta ulioko nyuma yake. Uso hauji. Sauti haiji. Katika chumba kile chote nimebakiwa na kitu kimoja, nacho ni zimwi.

Kwa hiyo usiniambie niliondoe, dada. Niambie limetoka wapi.

Mdogo wako


14 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Nimechelewa, nisamehe. Bonge alishikwa na homa, tukakesha naye, sasa ameshapona na anadai deni la michezo yote aliyoikosa. Shemeji yako amemtengenezea kigari cha vyuma chakavu, kina magurudumu yasiyolingana, kinakwenda kwa kuzunguka tu. Kazini tuna sare za shule nyingi sana. Mvua huku imenyesha, nguo hazikauki.

Nimefurahi kusikia mwalimu wako anakujali.

Kuhusu lile jambo, nitaandika.

Dada yako


26 Aprili

Dada,

Shikamoo, na pole kwa homa ya mtoto. Kigari kinachozunguka nimekipenda.

Umeandika habari za mvua. Wewe huwa huandiki habari za mvua.

Nakuomba.

Mdogo wako


7 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Leo sitasalimia sana, maana nikianza salamu nitajificha humo humo. Bonge yupo kwa jirani. Shemeji yako nimemwomba aje na mkate, sipiki. Nimekaa sakafuni, mgongo kwenye mlango.

Mama alikuwa anarudi jioni, mwanga ukishapanda ukutani hadi kwenye msumari wa kutundikia nguo. Ndiyo ilikuwa saa yetu. Siku hiyo mlango uligongwa asubuhi, mwanga bado uko sakafuni. Sauti ikasema, "Nifungulieni, ni mimi." Lakini sauti ilikuwa nzito, imekauka. Nikasema kama tulivyofundishwa, "Ingiza mkono." Halafu kikaingia kitu cheupe, kinene, kimefungwa vitambaa mpaka kwenye kucha. Nikapapasa. Kovu hakuna. Na haukututafuta, ulikuwa umelala tu, unangoja. Hadithi ilikuwa imetutokea yote kama ilivyo. Nikasema, "Zimwi, nenda zako." Na wewe nyuma yangu, umenishika gauni, ukasema, "Nenda jako."

Mashine ya kupigia pasi ilikuwa imemshika mkono. Wakampeleka akafungwa bandeji, wakamrudisha nyumbani. Sisi hatukujua.

Basi ule mkono wa vitambaa ukatoka, ukaingia mwingine. Wa kushoto. Wa kushoto haukuwa na kovu, na mama hakuwahi kuuingiza. Lakini huo ulitafuta. Uliingia mpaka kwenye kiwiko, ukawa unapapasa sakafu huku na huku, unatutafuta. Mimi nikasitasita. Wewe hukusitasita. Ulikuwa umevaa viatu vyako vipya, vile vyenye kisigino kigumu ulivyokuwa unakataa kuvua hata kulala. Ukaniachia gauni, ukaja mbio ukaukanyaga.

Kimya.

Halafu mama akacheka.

Ndiye huyo, mdogo wangu. Kilianzia puani, kama birika linapoanza, halafu kikapasuka, akawa anapiga ukuta kwa kisogo. Mimi kwa kicheko hicho ndipo nilifungua. Mkono nilikuwa nimeukataa, sauti nilikuwa nimeikataa, lakini zimwi haliwezi kucheka vile. Alikuwa amekaa sakafuni kwenye ujia, na sare yake ya kazi, machozi yanamtoka, vidole vya kushoto amevibana kwapani. Majirani wametoka wanamtazama. Anawaambia, "Jamani, njooni muone! Wanangu hata mimi mwenyewe hawanifungulii!" Alisema kama mtu anayetangaza kuwa mtoto wake amekuwa wa kwanza darasani. Kiwandani aliwasimulia wote. Mpaka wakawa wakimwona wanamwambia, "Onyesha mkono kwanza."

Wewe hukumwona, kwa sababu mlango ulipofunguka ulishakuwa chini ya kitanda. Hilo ndilo giza lako na vumbi lako. Ulikataa kutoka. Mama akalala chini, na maumivu yake yale, akaingiza chini ya kitanda mkono huohuo uliokuwa umeukanyaga. Hakukuvuta. Akauacha unatafuta taratibu mpaka wewe ukakishika kidole, ukalala umekishika. Na yeye akalala hapohapo sakafuni. Mimi nikala peke yangu.

Utaniuliza kwa nini sikukwambia. Mwaka ule ule mama akaugua, unajua. Siku tuliyomzika ulinivuta gauni ukaniuliza kama zimwi ndilo limemchukua. Nikasema zimwi halipo. Ukasema, "Lipo, dada, nililikanyaga mkono, likacheka." Ningekwambiaje, siku ile, ule ulikuwa mkono wa nani? Nikasema nitamwambia akikua kidogo. Ukakua kidogo. Nikasema akikua kidogo tena.

Sasa unaniambia humkumbuki mama. Mdogo wangu, kwenye kichwa chako umembeba muda wote huu, umempa tu jina lisilo lake. Mimi nina sura yake, nina hadithi, nina jinsi alivyokunja shuka. Kicheko chenyewe kilikuwa kimenitoka, hadi ulipoandika kwamba kiatu kinaukanyaga mkono halafu nje linacheka, nikakisikia kule kazini katikati ya cherehani, ndiyo maana Kamanda akadhani kuna msiba.

Usilie peke yako. Mwite Taa.

Dada yako


16 Mei

Dada,

Shikamoo, na salamu kwa wote.

Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za bweni, nikamaliza nimekaa. Sikumwita Taa, alikuja mwenyewe. Akauliza, "Kumetokea nini?" Nikamwambia, "Nimemkanyaga mama yangu mkono, akacheka." Akasema, "Wewe familia yenu siiwezi." Tukacheka mpaka wapishi wakatoka nje kuangalia.

Naomba unijibu moja: aliumia sana?

Nimekwenda kwa mwalimu. Sikumpa maelezo marefu, nimemwambia tu, "Anayecheka ni mama yao." Akavua miwani. Akasema, "Basi kamera yako haiwezi kubaki upande mmoja wa mlango."

Nimebadilisha. Mwanzo ni uleule, giza, pasi, uwazi, mkono unatafuta, kiatu. Watu waogope, nataka waogope kama mimi. Kinakuja kicheko, wakiogope nacho. Jina la filamu litoke hapo. Halafu kicheko kinaendelea. Kinaendelea zaidi ya inavyotakiwa, mpaka mtu anaanza kushangaa kwamba hakina ubaya. Na ndipo kamera inapita chini ya mlango, kwenye uwazi, inatoka nje, na tunamkuta mwanamke wa sare amekaa sakafuni na mkono wenye bandeji.

Sijampata wa kucheka. Mama mdogo amenipigia, nikamweleza, akasema, "Unahangaika nini na wewe? Dada yako anacheka kama marehemu, mtu na kivuli chake." Dada, sikuwahi kujua. Kwangu kilikuwa kicheko chako tu, cha kila siku, cha kunikera nikiwa nasoma.

Nirekodie kwenye simu ya shemeji. Usiigize. Tunaonyesha wiki ya mwisho ya mwezi.

Mdogo wako


25 Mei

Bwana Kwa Nini,

Marahaba, baba. Nianze na ulichouliza. Ukucha wa kidole cha kati uliingia weusi. Mama akaupaka rangi nyekundu, huo mmoja tu, akaenda nao kazini. Walipomuuliza akasema, "Huu nimepambwa na mwanangu." Ukitaka, huyo mwanamke wako wa kwenye filamu mpake. Watu hawataelewa, lakini wewe utaelewa.

Sasa hiyo kazi uliyonipa. Mdogo wangu, umewahi kuambiwa ucheke? Niliweka simu mezani nikacheka, nikasikiliza, nikajiona mbuzi. Nikamwomba shemeji yako anichekeshe. Akasimulia kisa cha bosi wao na ndoo ya rangi, kile anachokisimulia kila mwaka, nikapiga miayo. Kazini nikamweleza Kamanda, akasema kwa sauti yake ile, "Nakuamuru ucheke." Nikatia zipu kinyume.

Jana Jumamosi nikasema leo ni leo. Nikampa shemeji yako mtoto, nikaingia chumbani na simu, nikasukuma komeo, nikakaa sakafuni karibu na mlango, nikafikiri labda nikikaa kama mama alivyokaa kitakuja. Hakikuja. Kilichokuja ni kilio. Nikaacha simu inarekodi, nikajifuta na gauni. Nilitaka kukuandikia kwamba nimeshindwa, mtafute mwingine.

Ndipo nikasikia kitu kinakwaruza. Baba yake alikuwa amegeuka kidogo kufunga kamba ya kiatu, Bonge akamtoroka. Nikatazama chini ya mlango, kwenye ule uwazi uliokatwa ukapinda. Mkono umeingia. Mdogo, una vishimo kwenye vifundo, umepakaa uji. Ukawa unapapasa saruji huku na huku, unatafuta, na nje anaguna kama mzee anayevuta gunia. Hadithi hii sijawahi kumsimulia, mdogo wangu. Hakuna aliyemfundisha.

Nikaweka kidole changu njiani. Akakipata. Akakishika, akakipima. Halafu, unajua tabia yake siku hizi, sijui anatumiaje nafasi ile nyembamba, nikaona mkono unavuta kidole changu kwenda nje, na mimi kwa ujinga wangu nikakifuata mpaka shavu limegusa sakafu, na upande wa pili akakitia mdomoni akakiuma kwa meno yake yote mapya.

Nikacheka. Nikacheka mpaka nikapiga mlango kwa kichwa. Shemeji yako akaja mbio anauliza, "Mama Bonge, unacheka na nani humo?"

Nimekutumia vile vile ilivyo, mwanzo kuna kilio, hicho kikate, ni changu. Kicheko kipo katikati, kirefu, utachagua. Wakiuchagua mwanzo wako, nitafunga na cherehani siku hiyo. Wasipouchagua, bebea wenzako nyaya uimbe kama shemeji yako, na mwaka ujao uwaonyeshe tena. Mimi sina wasiwasi, kwa sababu ulichokuwa umekipoteza umeshakipata, na sasa kipo hata kwenye simu.

Ila pale mwisho kabisa, kicheko kikishapungua, utasikia chuma kinagonga chuma. Utadhani ni kelele imeingia kwa bahati mbaya. Usiikate hiyo. Ni komeo. Ni mimi namfungulia.

Dada yako